Mafuta Gani?

Juzi Rehema alipiga simu kutoka Dodoma saa nne asubuhi, saa ambayo huwa hapigi. Nikajua kuna jambo. Hakuulizia mguu wangu wala mvua.

"Shikamoo baba. Hivi zamani, tulipokuwa Mabibo, ulikuwa unamwachia mama shilingi ngapi mezani?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta muda. Mkwe wangu humtumia hela ya matumizi kwa simu kila asubuhi akishafika kazini, na nadhani ujumbe wa siku hiyo ulikuwa umeingia na tarakimu pungufu.

"Elfu mbili," nikamwambia. "Lakini elfu mbili ya wakati ule, mama."

"Na ilikuwa inatosha?"

Hapo mtandao ukakatika. Au niliukata mimi, sitaki kuapa.

Noti ya elfu mbili ina kichwa cha simba. Mwaka 2006 nilikuwa naweka simba mmoja mezani kila asubuhi, nambana na kopo la chumvi asipeperuke, halafu natoka kifua mbele kwenda kugombania daladala. Nilikuwa karani wa ghala kule Chang'ombe, mshahara laki moja na elfu kumi. Simba thelathini ni elfu sitini. Kodi ya vyumba viwili elfu thelathini. Nauli kama elfu kumi hivi. Iliyobaki naomba tusiijadili.

Kazi ya karani wa ghala ni kuhesabu, na ubaya wa kazi hiyo unarudi nayo nyumbani. Mchana mmoja, malori hayajaja, nikachukua karatasi nikapiga hesabu za jikoni kwangu. Unga kilo moja 450. Mchicha 100. Nyanya na kitunguu 150. Mafuta 100. Sukari robo 300. Dagaa 300. Jumla 1,400. Bakaa 600 kwa siku, 18,000 kwa mwezi. Ghalani, bakaa isiyo na maelezo ina jina lake, na si jina zuri.

Jioni nikamuuliza. Ulikuwa mwaka wa ule mgao mkubwa wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya Bwawa la Mtera yameshuka, umeme unakuja ukipenda. Mama Rehema alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kibatari pembeni, uso wake nusu mwanga nusu giza.

"Hivi ile chenji ya kila siku inaendaga wapi?"

Hakuinua kichwa. "Inaenda Ulaya."

Akaokota jiwe, akalitupa mlangoni, akaendelea. Nikaona nimedharauliwa, nikalala nimempa mgongo.

Siku tatu baadaye ikaja habari ya msiba Muheza, mjomba wake. Akaondoka alfajiri na basi la Ubungo. Rehema alikuwa darasa la kwanza, mdogo wake ana miaka minne, hatukuwa na dada wa kazi, kwa hiyo niliomba ruhusa ya siku nne. Sikusikitika sana, Mungu anisamehe. Nilikuwa na mpango. Nitaishi kwa elfu mbili, nimpokee na bakaa yake mezani, mia sita mara nne, zimepangwa safu.

Asubuhi ya kwanza nikajiwekea simba mwenyewe chini ya kopo la chumvi, nikamtoa.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa muuza maji na toroli lake. Madumu manne, mia nne. Kwenye karatasi yangu maji hayakuwemo. Maandazi sita, mia tatu. Rehema akasimama mlangoni na sare, ananitazama tu. "Nini?" "Hela ya shule." Mia mbili. Nikaenda kuwasha jiko, ndani ya kiroba cha mkaa kuna vumbi na kipande kimoja kama kidole. Kopo la mkaa, mia tatu. Saa mbili asubuhi, simba wangu kashaliwa zaidi ya nusu na hatujanunua hata unga.

Unga 450. Gengeni nikabeba mchicha na fungu la nyanya na kitunguu, nikalipa 250, nikageuka. Mama wa genge akaniita, "Shemeji! Nyongeza hutaki?" Nikasema hapana, ahsante, nikidhani ananiuzia kitu. Akawaangalia wenzake. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mke wangu haendi pale asubuhi. Anakwenda giza linapoingia, nyanya zilizobonyea zinapogawanywa kwa mafungu makubwa, na haondoki bila nyongeza ya pilipili mbili na kijiti cha giligilani. Mchele wetu ulikuwa chenga za Tandale, alizozifuata kwa miguu, anapimiwa kwa sado. Miaka minane nilikuwa nakula chenga nikiamini mke wangu hajui kupika wali ukasimama.

Ikabaki mia moja. Sarafu.

Jioni umeme haukuja. Nikatikisa kibatari, kikavu. Nikainua chupa ya mafuta ya kula, ndani kuna tone linalotembea taratibu kama linasitasita. Nikamshika Rehema mkono, mdogo wake nikamwacha kwa jirani, tukaenda kwa Mangi.

Duka la Mangi lilikuwa dirisha moja lenye nondo, mshumaa umesimamishwa juu ya kopo, na mstari wa watu kama sita. Zamu yangu ilipofika nikapitisha ile sarafu katikati ya nondo.

"Mafuta ya mia."

"Mafuta gani, Baba Rehema?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu maishani. Niliwahi kuhojiwa na mkaguzi juu ya mifuko arobaini ya saruji. Lakini pale dirishani nilisimama nikafikiri kweli. Mafuta ya taa tukale mchicha wa kuchemsha tukiwa tunaonana, au mafuta ya kula tukale vizuri gizani? Nyuma yangu mtu akakohoa. Mangi aliona. Alikuwa kijana mpole wa Kirombo, anaongea kama anayekuonea haya wewe. Akashusha sauti.

"Nikuandikie?"

"Uandike wapi?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Labda karani ndani yangu. Na yeye, badala ya kunijibu, akafanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umezoea. Akainama, akaja na daftari, lile la kurasa sitini na nne, akalifungua karibu na mshumaa mahali palipoandikwa M. REHEMA.

Mwanangu aliliona jina lake.

Alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma. Wakati ule alisoma kila kitu, mabango, mifuko ya chumvi, ubavu wa daladala. Kulikuwa na kreti la soda pale chini. Akapanda, akaweka kidevu dirishani, akaanza kusoma kama wanavyosoma mbele ya mwalimu, kwa sauti, silabi moja moja.

"Su-ka-ri ro-bo. Ma-fu-ta. Sa-bu-ni ki-pa-nde." Akameza mate. "Be-tri mbi-li, mia sita. Baba! Betri! Za redio yako!"

Zilikuwa za redio yangu. Juni na Julai nilikuwa nimesikiliza Kombe la Dunia la Ujerumani usiku kucha kwa sababu ya mgao. Nilikuwa nasema tu, "Betri zimelegea, ninunulieni nyingine," na betri zinakuja. Betri za fainali, zile za Zidane kupiga mtu kichwa, zilikuwa pale kwenye daftari. Sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi, na mimi ndiye mhasibu wa nyumba.

"Wembe mmoja. Dawa ya vi-a-tu."

Nikamwambia ashuke. Hakusikia, au raha ya kusoma ilimzidi. Watu nyuma walikuwa kimya, kimya kile cha watu wanaosikiliza sana.

"Yai mo-ja." Akashuka mstari mwingine. "Yai mo-ja." Mwingine. "Baba, mbona yai moja moja?"

Kila Jumatatu nilikuwa nakula yai la kukaanga kabla ya kwenda kazini. Nilidhani wao wanakula yao nikishatoka.

Mangi akafunika ukurasa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunika chakula. "Si nyingi," akasema. "Zamani mama alikuwa anamaliza kila Ijumaa, na zile hela zake za barafu. Tangu huu mgao ndiyo zimejikusanya."

"Barafu gani?"

Jamani. Watu wote Mabibo walijua. Mke wangu alikuwa anatengeneza barafu za ubuyu na ukwaju kwenye friza ya jirani, anawauzia watoto wa shule. Nilikuwa nimeona ndimi nyekundu za watoto mtaa mzima, nimeona beseni letu lina wekundu usiotoka, na sikuuliza, kwa sababu beseni halikuwa kwenye hesabu zangu. Elfu mbili yangu ilikuwa inasukumwa na barafu mwaka mzima. Umeme ulipokatika barafu zikayeyuka, na simba akabaki peke yake, naye ndiyo kama mlivyoona, hafiki saa mbili asubuhi.

"Jumla?"

"Ishirini na tatu elfu, mia nane na hamsini."

Nikasema, "Mafuta ya taa." Akanimiminia ya taa kwenye chupa, halafu, bila kuandika, akanifungia na ya kula kwenye mfuko mdogo. Tukarudi. Njiani Rehema alisoma ubao wa fundi cherehani, akasoma na tangazo la mganga wa kienyeji lote, na namba ya simu.

Siku tatu zilizofuata nisiwachoshe. Nilikopa elfu tano kwa mwenzangu wa kazini, nikaunguza maharage, nikajifunza kudai nyongeza. Mama Rehema alirudi na kiroba cha machungwa ya Muheza na nazi tatu, macho mekundu ya msiba na vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimepanga maneno. Lakini alipoingia alitazama jiko, akatazama watoto, akanusa hewa, akasema, "Maharage yaliungua lini?" na maneno yangu yakapotea hapo.

Kesho yake asubuhi, chini ya kopo la chumvi, nikaweka simba na nyati. Nyati ndiye aliyekuwa kwenye noti ya mia tano ya wakati ule. Alikuwa anafagia. Akasimama, akazitazama zile noti mbili.

"Hii mia tano ya nini?"

"Ya betri."

Alinitazama kwa muda ambao hata sasa nikiukumbuka najikuta natafuta pa kuweka mikono. Kisha akazikunja noti, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Betri ni mia sita," akasema, akaendelea kufagia.

Tangu siku ile hatujawahi kulizungumza. Mwisho wa mwezi nilikwenda kwa Mangi na elfu kumi mkononi nianze kupunguza deni. Akafungua daftari. Ukurasa wa M. Rehema ulikuwa umepigwa mistari miwili ya kukatiza, kona hadi kona.

"Limeshalipwa."

"Na nani?"

"Mwenyewe."

Mgao ulikuwa haujaisha. Friza ya jirani ilikuwa bado kabati la nguo. Nilirudi nyumbani na elfu kumi yangu, na sikumbuki nilifanyia nini. Idi ya mwaka ule, iliyoangukia Oktoba, Mama Rehema alivaa hereni za plastiki za kijani. Zile ndogo za dhahabu alizoachiwa na bibi yake sijaziona tena. Inawezekana aliziweka mahali. Wanawake wana mahali pao pa kuweka vitu.

Juzi basi, baada ya mtandao kukatika, nilikwenda jikoni. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Rehema anauliza kama elfu mbili ilikuwa inatosha."

"Umemjibu nini?"

"Mtandao umekatika."

"Haya."

Mbuzi ikaendelea kukwaruza. Nilisimama pale mlangoni, nikahesabu nazi iliyobaki kwenye kifuu, nikafikiri kwamba sasa hivi, miaka yote hii imepita, mtu anaweza akauliza tu kuhusu hereni kwa sauti ya kawaida. Simu ikaita tena. Nilikuwa naipeleka sikioni, akanyoosha mkono uliojaa machicha.

"Lete."

Akaenda nayo nje, chini ya mwembe. Waliongea dakika ishirini. Nilisikia "Mangi" mara mbili, nikasikia "kreti," kisha akacheka, kicheko kirefu cha kuinama na kushika goti, sijakisikia muda mrefu. Aliporudi alinikabidhi simu, ina machicha, akaniuliza kama nimefunga geti.