"Regeni": jinsi watoto wangu walivyoizoea Leipzig

Tulifika Leipzig, Ujerumani, mwisho wa Oktoba, wiki ileile Wajerumani wanaporudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Baba yao alikuwa ametangulia kwa masomo. Mimi nikamfuata na watoto wawili, wa kiume miaka 5 na wa kike miaka 3. Majaketi na buti nilikuwa nimeshawatafutia. Giza ndilo sikuwa nimelifikiria. Katikati ya Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi imeshapita, na saa kumi jioni limeshazama. Kwetu Tanga saa kumi watoto ndiyo kwanza wanatoka kucheza. Mwanangu alisimama dirishani akaniuliza, "Mama, leo siku imekatwa?" Sikuwa na jibu. Nikawasha taa zote za nyumba.

Wenzetu tuliowakuta huku, kwa nia njema kabisa, walinishauri niache Kiswahili nyumbani ili watoto wasichelewe shule. Nikajaribu kwa wiki tatu. Kijerumani changu kilikuwa cha kuamrisha tu: njoo, kula, vaa, lala. Cha kubembeleza sikuwa nacho. Mtoto akiamka usiku ameota vibaya, nitamwambia nini? Yule mkubwa akaanza kunyamaza, kwanza nje, halafu hata mezani. Hilo lilinitisha kuliko baridi.

Nafasi katika Kita, yaani chekechea ya huku, tulizipata Februari. Tangu Agosti 2013 sheria inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata nafasi, lakini wakati ule foleni bado ilikuwepo. Mwalimu wao alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo ningependa kila mzazi anayehamia ugenini aambiwe siku ya kwanza: zungumza nao lugha yako, Kijerumani tuachie sisi. Akaniambia pia kwamba mtoto anayeingia kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa miezi huku masikio yanafanya kazi. Jioni ile nilirudi kwenye Kiswahili changu chote, na utani wake na nyimbo zake.

Mdogo alikuwa na shida nyingine, ya kuachana nami. Huku mtoto hatupwi mlangoni siku ya kwanza. Kuna kipindi cha kumzoesha, wanakiita Eingewöhnung. Katika utaratibu tulioufuata, siku tatu za mwanzo mzazi anakaa naye chumbani, na siku ya nne ndipo anatoka kwa mara ya kwanza, kwa muda mfupi tu, huku akiwa karibu. Siku ya sita nikafanya kosa. Nilimwona amezama kwenye vipande vyake vya mbao, nikanyata nikatoka bila kumuaga, kama tulivyozoea nyumbani kumtoroka mtoto ili asilie. Alipogeuka hakuniona. Wiki nzima baada ya hapo alinifuata hadi chooni, na usiku alilala ameshika nguo yangu. Ikabidi tuanze upya.

Tangu siku ile namuaga. Napiga magoti, namwambia, "Mama anakwenda, ukishakula mchana nakuja," namkumbatia, naondoka hata kama machozi yanamtoka. Saa haijui, lakini chakula cha mchana anakijua, kwa hiyo ahadi naifunga hapo, na sijawahi kuchelewa. Nilimwachia pia kanga yangu niliyoivaa, bila kuifua, akawa anajifunika nayo. Tulitumia wiki tano. Mzazi mwenye haraka na kazi, aombe ruhusa mapema, maana wiki hizo hazina njia ya mkato.

Kuna la macho pia. Mwalimu aliniambia mkubwa hamtazami anaposemeshwa, akawa na wasiwasi. Kwetu mtoto anayemkazia mtu mzima macho huambiwa ana macho makavu. Nikamweleza mwalimu, kisha nikamweleza mwanangu: huku ukisemeshwa tazama uso, ukiwa kwa bibi fanya kama ulivyofunzwa. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Shikamoo sikuiondoa. Jirani yetu wa chini, mama mtu mzima, alipewa shikamoo na binti yangu kila tulipokutana kwenye ngazi, mpaka akauliza maana yake. Siku hizi anajibu "marahaba" kabla hata salamu haijaisha.

Ila aliyetuvusha kweli ni mama yangu. Mwanzoni nilimpigia simu ya video kila usiku kabla watoto hawajalala, nikidhani nawaponya. Walilala wakilia. Nikahamishia Jumamosi asubuhi, baada ya chai, wakiwa na siku nzima mbele yao. Bibi anawapigia "Paukwa!", wao wanaitikia "Pakawa!", hadithi inaanza.

Jumamosi moja ya Aprili mvua ilikuwa inanyesha. Bibi akaisikia, akauliza, "Mume wangu, mvua huko mnaiitaje?" Mjukuu akanyamaza. Mimi nikataka kumjibia, nikajizuia. Kisha, polepole: "Regen." Lilikuwa neno la kwanza la Kijerumani nililomsikia akilitamka.

"Regeni," bibi akasema.

"Siyo regeni, bibi! Regen. Usiweke i!"

"Regeni."

Mwanangu akacheka mpaka akalala chini. Mpaka leo nashuku mama alikosea kwa makusudi. Tangu hapo kila Jumamosi anamfundisha bibi neno moja, na ili apate la kufundisha inambidi alitafute Kita. Mwezi haukwisha, mwalimu akanieleza kwamba amesema na mwenzake mchezoni: "Ich auch!" Mimi pia.

Mengine yalikuja yenyewe. Ugali napikia unga wa mahindi kutoka duka la Waturuki, na suruali ya mpira ya kuchezea tope wanaivaa wenyewe. Juni, jua lilipokataa kuzama hadi saa tatu na nusu usiku, nilishona pazia zito.

Novemba ya pili giza lilirudi. Tarehe 11 watoto hutembea mitaani na taa za karatasi, kumkumbuka Mtakatifu Martin, askari aliyelikata joho lake akampa maskini nusu. Wangu walitengeneza zao, ya samaki na ya jua. Saa kumi na moja jioni tukiwa njiani mkubwa akaomba simu ampigie bibi. Tanga ilikuwa saa moja usiku. Akamwonyesha taa, akamwonyesha mtaa, kisha akakichungulia kioo.

"Bibi, mbona na kwako giza?"

"Na kwangu pia, mume wangu. Hebu inua taa yako nione vizuri."