Walinidai bili ya hospitali ya siku niliyokuwa msibani Tukuyu

Jamani wana Mbeya mlioko huku Marekani na nyie mnaojiandaa kuja, leo naomba niongelee hawa wakusanya madeni, maana nawaona watu wetu wanalipa hela ambazo hawadaiwi kabisa, wanalipa kwa kuogopa aibu tu. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Tukuyu mtu akija kudai mlangoni majirani wakamsikia, mama yuko radhi auze debe la mahindi ya chakula ili huyo mtu aondoke, mambo ya kama tulikuwa tunadaiwa kweli au la yatajulikana baadaye. Ni malezi mazuri sana, ila huku kuna kampuni zinakula kupitia hiyo hiyo aibu. Nyingine zinanunua madeni ya zamani kwa bei ya chini mno kuliko deni lenyewe, zinapewa orodha ya majina, namba za simu na kiasi, basi wanaanza kupiga. Kama jina ni la mtu mwingine, kazi ya kujitetea inakuangukia wewe.

Mimi niko Houston, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi ndo nalala. Wakaanza kupiga asubuhi. Unadaiwa dola 1,300 na kitu, ulitibiwa emajensi hospitali fulani, lipa leo tukupunguzie. Hiyo hospitali sijawahi kukanyaga. Nikasema silijui hilo deni, yule dada akaniambia sawa, nitajie tarehe ya kuzaliwa na namba nne za mwisho za soshosekyuriti (ile namba ya utambulisho ya kila mtu huku) nihakikishe kama ni wewe. Hapo jamani msitaje. Mtu kakupigia yeye, hujui ni kampuni kweli au tapeli, halafu wewe ndo umpe taarifa zako? Nikamwambia niletee barua, nikakata simu.

Kilichoniuma hata sio simu zangu, ni kwamba walimpigia binamu yangu Dallas wakamwambia dada yako anadaiwa hospitali na anatukimbia. Sheria ya huku inayoongoza hawa watu ni ya mwaka 1977 na inakataza hilo: ndugu yako wanaweza kumuuliza unapatikana wapi, ila kumtangazia deni lako hawaruhusiwi. Sasa binamu naye akampigia mama. Mama akanipigia usiku wa kwake, sauti inatetemeka, mwanangu kama ni hela tutauza yale mahindi, lipa yaishe, watu wasije wakasema umeenda Marekani ukawa mkimbia madeni. Nikamwambia mama, sidaiwi. Akajibu najua hudaiwi, we lipa tu.

Barua ikaja. Isomeni vizuri hiyo barua mkiipata, msiitupe, maana ndo silaha yenu. Inaonyesha deni lilianzia wapi, ni kiasi gani, na inakupa tarehe ya mwisho ya kupinga, sheria inakupa siku 30 tangu uipokee, na usipopinga wao wanachukulia deni ni halali. Ile yangu chini ilikuwa na kipande cha kukata chenye visanduku vya kutiki, na kisanduku cha kwanza kabisa kinasema hili si deni langu. Kuna hadi kisanduku cha kuomba fomu hiyo kwa Kihispania. Nikatiki nikaambatanisha na barua yangu fupi: deni silitambui, nileteeni uthibitisho, na msinipigie tena simu, andikeni. Nikaituma kwa posta ile ya rejista inayorudisha saini ya aliyepokea, kopi nikabaki nazo. Ukishapinga kwa maandishi ndani ya muda wanatakiwa wasimamishe kudai mpaka wakuletee uthibitisho.

Uthibitisho ulipokuja nikaangalia tarehe ya matibabu, nikakaa kitandani. Siku hiyo nilikuwa Tukuyu kwenye msiba wa bibi! Paspoti ina muhuri wa kuingia Dar, tiketi ya ndege ya kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa kwetu Mbeya, ninayo. Nikamwambia mama. Mama yule yule aliyekuwa anasema lipa akaenda kwa mweka hazina wa msiba, akanitumia picha ya daftari la rambirambi, jina langu lipo, kiasi nilichotoa kipo, tarehe imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, akasema wapelekee na hii waone. Nikaipeleka pamoja na kopi ya paspoti. Ofisi ya bili ya hospitali nayo nilipowafuata wakakubali kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa wao haiendani na yangu. Haya majina yetu ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa wengi huku wanayaona yote ni mamoja.

Wakafunga faili, barua ya mistari michache, samahani hamna. Bado nikaangalia ripoti zangu za krediti, yaani kumbukumbu za madeni yako na unavyoyalipa, kwenye zile ofisi tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, ni bure kwenye tovuti ya annualcreditreport.com, maana deni likibaki humo unaweza kunyimwa nyumba ya kupanga. Ukilikuta unalipinga kwao pia. Na kitu kimoja msije mkachanganya: zikija karatasi za mahakama, hizo zijibu hata kama deni si lako, ukikaa kimya wanapewa ushindi. Ila mtu wa simu akikutishia polisi kwa bili ya hospitali anakudanganya, deni la hivyo halikupeleki jela.

Na nyumbani hali ni ile ile. Mdogo wangu ni mwalimu Uyole, mwenzake kazini alikopa kwenye programu ya simu, wale watu wakachukua namba zote za kwenye simu yake wakaanza kumtumia mdogo wangu meseji, mwambie mwenzako alipe, wewe ni mdhamini wake. Hajawahi kumdhamini mtu. Akataka achange alipe! Nikamkatalia kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo. Nikamwambia piga picha meseji zote, usifute hata moja, peleka malalamiko Benki Kuu na kwenye Tume. Amepeleka. Yeye wameacha kumtumia, mwenzake bado wanamdai, na yeye alikopa kweli kwa hiyo atakaa nao wapange namna ya kulipa.