Nilivyoandika maoni yangu juu ya familia ya Logan

Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza ana sharti moja kwenye kikundi chake cha usomaji: kila ukimaliza sura, unaandika ukurasa mmoja wa maoni yako. Hataki muhtasari. Hataki dhamira na sifa za wahusika. Anataka kujua sura imekuwazisha nini, na kwa nini. Kwa mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) aliyefika kidato cha tano kwa kuandika utangulizi, pointi sita na hitimisho, sharti hilo ni zito. Unakaa na daftari mbele yako, kichwa kimejaa, na mkono hauandiki. Naeleza hapa nilivyolimudu, maana najua shule nyingi za Arusha wapo wenzangu wanaosoma vizuri kabisa lakini wakiambiwa waseme wao wanaona nini, wanakwama.

Riwaya yenyewe ni Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor. Ilitoka 1976, na mwaka uliofuata ikapata nishani ya Newbery, ambayo Marekani ni heshima kubwa kwa vitabu vya watoto na vijana. Taylor alizaliwa Mississippi mwaka 1943, akakulia Ohio, na kabla hajajulikana kwa vitabu aliwahi kufundisha Ethiopia. Hadithi zake alizitoa kwenye masimulizi ya baba yake. Anayesimulia riwayani ni Cassie Logan, binti wa miaka tisa, na mambo yanatokea Mississippi kuanzia mwaka 1933. Familia ya Logan ni watu weusi wenye ardhi yao wenyewe, ekari 400, katikati ya majirani ambao karibu wote wanalima mashamba ya matajiri weupe na kugawana nao mavuno. Hilo la ardhi ndilo linaloendesha kitabu kizima, na ndilo lililonifungua mimi.

Lakini mwanzoni nilihangaika na lugha. Wahusika wanaongea Kiingereza cha kijijini, cha kusini mwa Marekani, maneno yamekatwa na sarufi siyo ile ya darasani. Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo tulisoma wawili wawili, na mwenzangu ndiye aliyeanza kusoma kwa sauti tukiwa tunasubiri kifodi, yaani daladala ndogo, cha kurudi Usa River. Ikasaidia ajabu. Sentensi uliyoikodolea macho bila kuielewa, ukiisikia inatamkwa unaielewa, kwa sababu ni maongezi ya watu. Jambo la pili lililonisaidia ni kuandika kwanza kwa Kiswahili, haraka, bila kujali mpangilio, kisha ndiyo nahamishia kwenye Kiingereza. Nikiwaza kwa Kiswahili nakuwa na hasira ya kweli na swali la kweli. Nikianza moja kwa moja kwa Kiingereza naandika kama kijitabu cha maswali na majibu.

Sura ya kwanza ina tukio ambalo bado halijanitoka. Shule ya watoto weusi imepata vitabu vya kusomea, jambo ambalo huwa halitokei, na watoto wanafurahi. Little Man, mdogo wake Cassie, ndiyo kwanza anaanza shule. Ni mtoto anayependa usafi kupita kiasi. Njiani anatembea akikwepa vumbi. Anapewa kitabu kichafu kilichochakaa, anaomba kwa adabu kingine kisafi, anakataliwa. Anakifungua. Ndani ya jalada kuna jedwali lililobandikwa: tarehe kitabu kilipotolewa, hali yake, na mwanafunzi aliyepewa ni wa rangi gani. Kilipokuwa kipya, mwaka 1922, kilipewa mtoto mweupe. Mstari baada ya mstari hali inashuka na watoto ni weupe tu. Mstari wa mwisho, wa 1933, hali ni mbaya kabisa, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mwanafunzi anaandikwa kuwa ni mweusi, tena kwa jina la dharau. Little Man anakitupa kitabu chini na kukikanyagakanyaga. Anachapwa fimbo, na dada yake anayejaribu kumweleza mwalimu alichokiona mtoto naye anachapwa.

Niliandika ukurasa wangu wa kwanza juu ya lile jedwali. Niliona kwamba hapo hakuna aliyepaza sauti wala kumtukana mtu. Kuna karatasi iliyopigwa mistari vizuri, na karani fulani aliyejaza kwa utaratibu mwaka hadi mwaka. Ubaguzi umekaa kwenye fomu. Mwalimu wa Little Man, ambaye naye ni mweusi, ameshaizoea fomu kiasi kwamba haioni tena, na mtoto wa miaka sita anaiona kwa sababu ndiyo kwanza amejua kusoma. Mama yao, Mary Logan, ni mwalimu katika shule hiyohiyo. Anachofanya ni kukata karatasi na kuzibandika kwa gundi juu ya yale majedwali, kwanza kwenye vitabu vya wanawe, kisha vya darasa lake. Nilimpenda papo hapo. Mwalimu wangu alipigia mstari neno karatasi akaandika pembeni: lifuatilie.

Nikalifuatilia. Kuanzia hapo kila sura nilijiuliza: hapa karatasi iko wapi, nani ameiandika, na familia imefanya nini nayo? Swali moja namna hiyo linatosha kukupa kazi kitabu kizima. Ekari 200 za kwanza babu yao alizinunua 1887, nyingine 200 mwaka 1918, na hizi za pili bado zina deni la benki. Baba yao, David, anakwenda mbali, Louisiana, kufanya kazi ya reli ili alipe deni na kodi ya ardhi. Harlan Granger, tajiri mweupe ambaye familia yake iliwahi kumiliki eneo hilo, anaitaka irudi. Hana haja ya kuja na panga. Ana marafiki benki. Big Ma, bibi yao, anakwenda kwa mwanasheria kuwaandikisha wanawe wawili ardhi hiyo akiwa bado hai, ili akifa kusiwe na mwanya wa mtu kuwanyang'anya. Nilisoma sehemu hiyo nikafikiria ni familia ngapi za huku kwetu zinagombana mahakamani kwa sababu mzee aliondoka bila kuandikisha kitu.

Likizo ilipofika nikaenda kwa babu, Ngarenanyuki. Ukitokea Usa River barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, unaona twiga kwa dirisha la gari, kisha unashukia upande wa pili wa mlima kwenye vumbi na mashamba ya nyanya. Shuleni tumesoma kesi ya ardhi ya Wameru kwa aya chache. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ndiyo hiyohiyo Ngarenanyuki, ili eneo liwe la walowezi wa Kizungu. Watu wapatao 3,000 walihamishwa, nyumba zikachomwa, wakaelekezwa Kingori. Nyumbani habari hizi zilikuwa zinatajwa tu, kama kitu ambacho kila mtu anakijua na hakuna haja ya kukirudia.

Nilimwamkia babu, nikakaa, nikamweleza habari za kitabu. Nilimsimulia Little Man, nikamsimulia na Granger na benki yake. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hao walikuwa na hati?" Nikamwambia walikuwa nayo. Akasema, "Basi hao walikuwa na mahali pa kusimama. Sisi tulikuwa na mifereji, migomba na makaburi ya wazee, lakini kwenye vitabu vya Mzungu hapa palikuwa shamba namba 31 na shamba namba 328." Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama mwaka huo. Alinieleza walivyoshuka na mifugo kwenye mvua za vuli, ndama wakifa njiani, na mama yake akiwa amebeba jiwe la kusagia mgongoni kwa sababu alikataa kuliacha. Sijawahi kukisoma kitu hicho mahali popote. Nilitoka nje nikayaandika yote kabla sijala.

Usiku ule niliandika maoni marefu kuliko yote, nikiweka familia mbili upande kwa upande. Kina Logan wana mwanasheria mweupe, Bwana Jamison, anayekubali kuwadhamini majirani wapate bidhaa mji wa Vicksburg ili waache kununua kwenye duka la kina Wallace, waliowachoma moto watu weusi na hawajashtakiwa. Wameru walikuwa na Earle Seaton, mwanasheria mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kina Logan wana Hammer, kaka yake David, anayeuza gari lake la Packard benki inapodai mkopo wote ulipwe mara moja. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kueleza walivyonyang'anywa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Ila nilichokiona, na ninakiamini mpaka sasa, ni kwamba pande zote mbili watu walielewa kuwa aliyekushinda kwa karatasi lazima umfuate hukohuko kwenye karatasi, na kwamba kazi hiyo inagharimu fedha ambazo mtu mmoja hana. Ndipo familia inapoingia.

Kuna sehemu moja nilibishana nayo sana. Cassie anakwenda mjini Strawberry na Big Ma. Dukani, Big Ma akiwa kwingine, muuzaji anamwacha Cassie na wenzake wasubiri huku akihudumia kila mteja mweupe anayeingia, na Cassie anapouliza, anafukuzwa. Nje anagongana na Lillian Jean, msichana mweupe, ambaye baba yake anamsukuma Cassie barabarani na kumtaka aombe radhi. Big Ma, bibi yake mwenyewe, anamwamuru aombe. Anaomba, akilia. Niliandika kwa hasira kwamba Big Ma amemsaliti mjukuu wake. Mwenzangu tuliyekuwa tunasoma naye akaandika kinyume: bibi alipima na kuona kuwa hapo njiani, mbele ya kundi la wanaume weupe, mtoto angeweza kuuawa. Tulibishana kwenye kifodi mpaka kondakta akatuuliza ni nani kafa. Bado naona Cassie alistahili kuambiwa ukweli mapema, nyumbani, na siyo kuukuta barabarani. Wazazi wengi huficha mambo mabaya ili watoto wabaki na furaha, na nawaelewa, lakini riwaya inaonyesha gharama yake. Mama yake anamweleza historia ya utumwa jioni ile, baada ya aibu. Ingekuwa asubuhi yake, angalau angejua anaingia wapi.

Na zile gundi za Mary Logan hazikusahaulika. T.J., rafiki wa kaka yake Cassie, anafeli mtihani kwa kuibia, anakwenda dukani kwa kina Wallace kumsema mwalimu. Wanaume weupe wa bodi ya shule, Granger akiwemo, wanakuja darasani, wanamkuta akifundisha utumwa kwa namna isiyoandikwa kitabuni, wanaona na majalada yaliyobandikwa. Anafukuzwa kazi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa nacho muda.

T.J. huyohuyo anaishia kushikwa na kundi la watu wanaotaka kumnyonga, baada ya vijana wawili weupe kumtumia katika wizi na kumwachia lawama. David Logan anachoma pamba yake mwenyewe ili watu wote, weupe na weusi, wakimbilie kuzima moto. Robo ya pamba inateketea, na pamba ndiyo ingelipa kodi. T.J. haachiwi huru; anapelekwa mahabusu, na Cassie anamlilia yeye pamoja na ardhi. Maoni yangu ya mwisho niliyaandika juu ya moto huo: kwamba David ameitoa sehemu ya ardhi aliyoilinda maisha yake yote kwa ajili ya kijana aliyemfukuzisha mkewe kazi.

Mwalimu aliyarudisha na swali moja: "Na mama yake T.J.?" Nikarudia sura. Familia ya Avery inalima shamba la Granger, haina hata kipande cha kwake. Wanaume wanapovunja mlango, mama anamkimbilia mwanawe na kusukumwa. Hana hati, hana mwanasheria, hana ndugu mwenye Packard, hana pamba ya kuchoma. Kitabu kinampa mistari michache tu. Nilijibu kwamba kama ningeruhusiwa kumsikiliza mtu mmoja zaidi katika riwaya hii, ningemchagua yeye, kwa sababu watu wengi kijijini mle walikuwa kina Avery, siyo kina Logan. Na likizo ijayo, badala ya babu peke yake, nitakaa na bibi jikoni nimuulize juu ya majirani ambao hawakufika Kingori.