Mbweha wa Novosibirsk

Nilikuwa nasomea udaktari wa mifugo Urusi, na Februari moja mwalimu wetu wa jenetiki, elimu ya urithi, alitupeleka kwenye shamba la mbweha karibu na Novosibirsk. Theluji ilifika magotini.

Mhudumu alifungua kizimba. Mbweha jike, mweusi mwenye ncha nyeupe za manyoya, alitoka akilialia kwa furaha, mkia ukipepea kama wa mbwa aliyemwona mwenyewe akirudi safari. Akanilamba vidole, akalala chali nimkune tumbo. Hakuna aliyemfundisha. Mwaka 1959 mwanajenetiki Dmitri Belyaev alichukua mbweha wa mashamba ya manyoya, akawa anazalisha wale tu waliowaogopa watu kidogo kuliko wenzao. Alichagua wazazi, basi. Kwenye kizazi cha nne watoto wa kwanza wakaanza kutikisa mkia, na baadaye wakatokea wenye masikio yaliyolala na mabaka meupe, mambo ambayo hakuna aliyeyachagua. Na aliyafanya hayo katika nchi ambako jenetiki ilipigwa vita, na kaka yake Nikolai, mwanajenetiki pia, aliuawa na serikali mwaka 1937. Ujasiri huo hauelezwi vya kutosha.

Safu nyingine ilikuwa ya mbweha waliochaguliwa kwa ukali. Nilisogeza mkono tu, sikugusa. Yule dume aliruka, meno yakagonga waya, na mate yake yakaanza kuganda pale pale mbele ya macho yangu.

Mimi nimelelewa Tanga na bibi, na kwake kila kitu kilikuwa malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikauliza, je, hawa wakilelewa na mama mpole?

"Lilishajaribiwa," mwalimu akasema. Lyudmila Trut, msaidizi wa Belyaev, alihamisha viinitete, yaani mimba changa, vya majike wakali akavipandikiza kwa majike wapole, na vya wapole kwa wakali. Watoto wakafuata tabia ya mama wa damu, si ya aliyewazaa na kuwanyonyesha. Na si kazi ya jeni moja. Ni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo.

Usiku ule nilimpigia bibi simu nikamsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mjukuu wangu," akasema, "unadhani kwa nini babu yako kila beberu mwenye kupiga watu pembe alimuuza kabla hajapanda?"

Nikamwomba anieleze na mengine aliyokuwa akiyachagua babu, na salio likaniishia tukiwa bado kwenye mbuzi wa maziwa.