Siku moja chumbani kwa altrasaundi, Lamu

Saa 11 alfajiri nimeshasali, nimekunywa chai ya tangawizi kwa mahamri, naingia vichochoroni kwa miguu. Huku hatuna magari, tunapishana na punda. Saa 2 nawasha mashine. Kufikia saa 4 nimewapiga picha wajawazito saba, na hapo ndipo watu hudhani kazi yangu inakoishia. Ukitaja altrasaundi, swali ni moja tu: wa kike au wa kiume?

Saa 5 akaingia mzee wa Faza, kisiwani Pate, miaka kumi na ugonjwa wa sukari, miguu imevimba, aje apimwe figo. Mwanawe akabaki mlangoni. "Sista, tufanyie haraka, maji hayatungoji." Najua. Mashua hufuata maji, na yao ilikuwa ing'oe saa 8.

Nikamlaza mzee ubavu, nikampaka jeli. Vuta pumzi, ishike. Gesi ya tumbo ikaifunika figo ya kushoto yote. Vuta tena, baba. Mara stima ikapotea. Jenereta ilikawia robo saa, mashine nayo huamka polepole, na vipimo vya mwanzo havikuwa vimehifadhiwa. Tukaanza upya. Kijana akagonga mlango mara ya tatu. Bega langu lilikuwa likiwaka moto, maana kukituliza kifaa katikati ya mbavu mbili kunataka nguvu, lakini sikukiondoa mpaka nikaipata.

Kulia sentimita 11.8, kushoto 12.1. Kijana akachungulia kioo cha mashine. "Si ni kubwa, nzuri? Andika hana kitu, twende."

Ukubwa huo ndio unaowadanganya wengi. Maradhi mengi ya figo yakikaa sana huzisinyaza. Za mwenye sukari mara nyingi hubaki na kimo chake, pengine huzidi, na huku zinaharibika. Nikamwita aone: hili la kijivu ni ini, na gamba, yaani sehemu ya nje, la figo yenye afya haling'ai kulishinda. La babake lilikuwa jeupe kuliko ini. Weupe huo pekee hauthibitishi kwamba ni sukari, na hata picha safi haimtoi mtu hatarini, kwa sababu protini huanza kuvuja kwenye mkojo kabla kioo changu hakijaona lolote. Kwa hiyo lazima mkojo upimwe, na damu ipimwe kriatinini, taka ambayo figo huichuja. Picha inasaidia kujua kama kuna mawe au njia ya mkojo imeziba.

Nikamwambia mzee akakojoe, nikapima kibofu tena. Mililita 180 zilikuwa zimebaki, nyingi kupita kawaida. Sukari hudhoofisha mishipa ya fahamu ya kibofu, ingawa kwa umri wake tezi dume nayo yaweza kuwa sababu. Yote nikamwandikia daktari. Saa 8 ilikuwa imeshapita.

Waliofuata sikumbuki niliwapiga saa ngapi. Nilikula tende tatu nimesimama, nikafuta jeli, nikaita mwingine, nikafuta tena.

Magharibi inakaribia, napita gatini, nawakuta wawili wale wamekaa kwenye baraza, mashua imewaacha. Nikajua nitasemwa. Kijana akainuka, akatoa mfukoni kikopo cha maabara, kifuniko bado kimefungwa.

"Dada, walisema mkojo wa kwanza wa asubuhi, sivyo?"

"Huo huo. Akiamka tu."

Akakirudisha mfukoni, akamshika babake mkono, wakaenda kutafuta pa kulala.