Jiwe la Mlangoni

Nilikuwa mwaka wa pili pale Chiromo, nasomea jiolojia, na nyumbani kwetu Umoja tulikuwa na mawe mawili. Moja la kijani, floriti ya Bonde la Kerio, zawadi ya mwanafunzi mwenzangu. Jioni moja nililimulika kwa taa ya kukagulia noti dukani kwa jirani, likawaka buluu. Tangu hapo nikalifunga kwa matambara, nikalitupa juu ya kabati, na wadogo zangu nikawakataza kulikaribia.

La pili lilikuwa jeusi, ukubwa wa ngumi. Marehemu mjomba alilitoa kwenye machimbo ya ulanga, milima ya Uluguru kule Morogoro. Mama alizuilia nalo mlango wa jikoni.

Siku niliyoyapeleka maabara, hilo jeusi nililitia kwenye kiondo kwa sababu moja tu: uzito wake. Jiwe dogo vile halifai kuvuta bega kama chuma.

Fundi wa maabara, mzee wa maneno machache, akawasha kipima mionzi. Tik. Tik-tik. Tik.

"Hiyo ni ya kawaida. Udongo, kuta, anga, vyote vinatoa kidogo."

Akakisogeza kwenye lile la kijani. Tik. Tik-tik. Vilevile.

"Kung'aa si mionzi, kijana."

Nikaona haya. Alipogeuka kukiweka mezani, kikapita juu ya kiondo, kikalipuka kama bisi kwenye sufuria.

Tulilitoa. Uraniniti, akasema, yaani madini yenye urani: nyeusi kama lami, nzito, na upande mmoja ulionyesha kona za mraba. Akarudisha kipima kutoka sentimita 10 hadi 20. Mlio ukapungua hadi karibu robo. Mimi, kwa kutaka alione vizuri, nikaanza kusugua kwa kidole gumba ukoko wa manjano uliolishika pembeni.

Akanidaka mkono. "Acha! Unadhani huo ni uchafu? Ni urani iliyooza kwa maji na hewa."

Mionzi ya alfa inayotoka kwenye urani, akanieleza huku akinisukuma kwenye sinki, huzuiwa hata na karatasi. Lakini vumbi hilo likiingia mapafuni, karatasi utaiweka wapi? Ndiyo maana jiwe la namna hii hulisagi kavu, hulilambi kama tulivyozoea kuyalamba mawe porini, na ukilishika ni kwa glavu. Nilinawa mara tatu. Kisha akaniuliza lilikuwa linakaa wapi, nikamwambia.

"Afadhali mlangoni, penye upepo, kuliko chini ya kitanda." Jiwe hilo hutoa radoni, gesi yenye mionzi, na gesi hiyo hujikusanya chumba kikifungwa.

Akalitia kwenye mfuko, mfuko kwenye chupa ya kioo, akaandika kwa kalamu nyekundu: URANI, MOROGORO. Nikamwachia. Jioni nikapiga deki jikoni kwa kitambaa kibichi, bila kufagia, huku nikimsimulia mama kila kitu, toka Kerio hadi mapafu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Sawa. Na sasa mlango wangu utashikwa na nini?"