Buu Kwenye Makohozi

Jumamosi mvua ilipokatika, mtoto wa kaka yangu aliingia ndani pekupeku, miguu imejaa tope la uwanja wa nyuma, hapa Kisauni. Nikamwambia avae ndara, asije akaingiwa na mdudu. "Shangazi, mdudu gani huyo anaingia mguuni na mimi nisimwone?" Nilimwosha miguu kimya. Nilikuwa nimesharudi kwenye meza ya maabara, alasiri moja ya Ramadhani.

Makohozi yalikuwa ya bwana aliyewekewa figo ya nduguye, mwezi wa tatu tangu upasuaji. Fomu iliomba kipimo cha kifua kikuu tu. Alikuwa na homa, kikohozi, tumbo limefura, na damu yake ilikuwa imeotesha E. coli mara mbili, bakteria wa utumboni. Eosinofili, zile chembe nyeupe zinazopanda mtu akiwa na minyoo, zilikuwa sufuri, basi minyoo hakuna aliyeifikiria. Lakini prednisoloni, mojawapo ya dawa za kuizuia kinga, huzishusha chembe hizo. Kwa mgonjwa anayeimeza, sufuri haithibitishi chochote.

Makohozi yalikuwa na michirizi ya damu. Kabla ya kuipaka rangi slaidi ya TB, nilidondosha kidogo kwenye slaidi nyingine, nikachanganya na tone la maji ya chumvi, nikafunika. Lenzi ya kumi, mwanga nikaupunguza. Mwanzo niliona seli tu. Kisha pembeni pakatikisika. Buu mwembamba kama uzi, urefu wa nusu milimita hivi, anajipinda na kujinyoosha, anajipinda na kujinyoosha, chembe nyekundu zikimpisha kila anapopita. Nikaweka lenzi ya arobaini, nikamfuata mpaka alipotulia kando ya povu la hewa, mkia ukabaki wazi. Buu wa safura mkia wake huchongoka. Wa huyu ulikuwa na kipengo nchani. Strongiloidesi. Nikasogeza slaidi, wa pili, wa tatu. Niliacha kuhesabu, nikapiga simu wodini.

Buu huyu hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na choo. Hupenya ngozi ya mguu, akafuata damu hadi mapafuni, akapanda kooni, akamezwa, akatua kwenye utumbo mwembamba. Minyoo mingine mingi, watoto wake lazima watoke nje kwanza. Huyu baadhi ya watoto wake hukomaa humohumo tumboni, wakatoboa utumbo na kuanza safari upya. Ndiyo maana mtu aliyetembea pekupeku utotoni anaweza kuwa naye miaka 40 bila kujua: kinga ya mwili huwaweka wachache. Ukishamnywesha dawa za kuizuia kinga isiikatae figo, wanafumuka kwa maelfu, na kila anayetoboa utumbo hubeba bakteria wa choo hadi kwenye damu, mapafu, hata utando wa ubongo. Ile E. coli ilikuwa imepanda mgongoni mwao.

"Mbona dawa ya minyoo alikunywa?" mkewe aliuliza. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 humwondoa mchango, huyu hakimtoshi. Na choo chake kilikuwa kimepimwa kabla ya upasuaji, mara moja, kikaonekana safi. Mabuu hutoka wachache, siku wakitaka. Kikopo kimoja ni kidogo mno, na hilo bado linanikera kila nikiona fomu ya mtu anayesubiri figo ina alama moja tu.

Akaanzishiwa ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Yeye kilo 60, basi miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu tatu, kila siku, mpaka choo na makohozi vikae safi wiki mbili mfululizo. Tumbo lilikuwa limegoma, dawa ikapitishwa kwa mpira wa puani. Prednisoloni ikapunguzwa kwa hofu, maana figo nayo ilihitaji kulindwa. Wauguzi walivaa glavu na aproni, kwa kuwa mabuu wa kwenye makohozi wanaweza kupenya ngozi. Alitoka wodini wiki ya tano, figo ikifanya kazi.

Nduguye alikuja na kikopo chake. Nilikifunga choo, kibichi, kisichoingia friji, kwenye shashi, nikakiweka juu ya faneli ya maji ya vuguvugu. Mabuu hulifuata joto, wakazama chini. Asubuhi nikawakuta wawili. Ndugu hao walikua uwanja mmoja, upande wa Kwale.

"Dada, wale wake walikuwa wake mwenyewe, au nilimpa mimi pamoja na figo?"

Wanaweza kusafiri na figo, kweli. Lakini darubini haionyeshi buu ametoka kwa nani, nikamwambia hivyo. Alikaa kwenye benchi la nje kwa muda mrefu, karatasi ya dawa mkononi, hajaikunja.